Hoja ya Msanifu Yafika Kampala

Katika shule nyingi za sekondari za Kampala na viunga vyake, siku huanza kwa sala. Kaulimbiu ya taifa, ile iliyoandikwa chini ya nembo, inamtaja Mungu kwanza na nchi baadaye. Shule zenye majina makubwa, Namilyango na Kisubi, Budo na Gayaza, zilianzishwa na wamisionari, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 bado inawapa waanzilishi nafasi katika uendeshaji wake. Elimu ya dini, ya Kikristo na ya Kiislamu, hutahiniwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, sawa na hesabu au kemia. Humo humo, mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) anayeota kuvaa koti jeupe pale Hospitali ya Mulago hukutana na mada ya mageuko ya viumbe akiwa kidato cha juu. Anaisoma, anaijibu, anapata alama zake, anaendelea na safari.

Mambo hayo mawili hukaa chini ya paa moja bila kelele nyingi. Mtu aliyefuatilia vita vya Marekani juu ya somo hili anaweza kudhani kwamba utulivu huo ni dalili njema. Huenda si hivyo.

Vita vya Marekani vilikuwa na sura ya pekee kwa sababu ya sheria. Katiba ya nchi ile hairuhusu serikali kuipigia debe dini, na shule za umma ni mali ya serikali. Mwaka 1987, katika kesi ya Edwards dhidi ya Aguillard iliyotoka Louisiana, Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule haziwezi kulazimishwa kufundisha kile kilichoitwa sayansi ya uumbaji, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa ya kidini. Baada ya hapo Mungu akaacha kutajwa. Likaja jina jipya: usanifu wenye akili. Hoja ni kwamba baadhi ya viungo vya viumbe ni tata mno kiasi kwamba haviwezi kujengeka hatua kwa hatua, hivyo lazima kuna msanifu. Msanifu huyo ni nani? Hapo watetezi hunyamaza, na ukimya wao una sababu za kisheria.

Siri ilifichuka mwaka 2005. Bodi ya shule za Dover, Pennsylvania, iliamuru wanafunzi wasomewe tamko la kuitilia shaka nadharia ya mageuko na kuwaelekeza kwenye kitabu kiitwacho Of Pandas and People. Wazazi 11 wakaenda mahakamani. Mwanafalsafa Barbara Forrest akaleta rasimu za zamani za kitabu hicho na kuonyesha kwamba, baada ya hukumu ya 1987, maneno ya waamini wa uumbaji yalifutwa na ya watetezi wa usanifu yakabandikwa mahali pake. Katika sehemu moja kazi ilifanywa kwa haraka, herufi za neno la zamani zikabaki zimeng'ang'ania pande zote mbili za jipya. Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu ya kurasa 139 tarehe 20 Desemba 2005: usanifu wenye akili si sayansi, na hauwezi kutenganishwa na mzizi wake wa kidini. Shahidi wa kwanza wa wazazi, mwanabiolojia Kenneth Miller, ni Mkatoliki wa kanisani.

Ibara ya 7 ya katiba ya Uganda inasema nchi haitakuwa na dini ya taifa, lakini hakuna mwalimu wa Kampala anayelazimika kuizunguka kwa hila ili amtaje Muumba darasani. Anamtaja tu. Silaha iliyotengenezwa kupenya ukuta wa sheria ya Marekani haina ukuta wa kupenya hapa. Ndiyo maana vuguvugu lenyewe, na taasisi zake za Seattle na mawakili wake, halikuhitaji kufungua tawi. Hoja zake ndizo zilizosafiri, kwa vitabu, kwa video na kwa mimbari: jicho ni tata mno, visukuku vya kati havipo, wanasayansi wenyewe hawaelewani, basi watoto wapewe pande zote mbili wachague.

Nairobi ilionja mapema. Mwaka 2006, wakati Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakikarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya makanisa ya kiinjilisti dhidi ya maonyesho ya visukuku vya binadamu wa kale. Kilichobishaniwa zaidi ni mifupa ya Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, yenye umri wa miaka milioni 1.5 hivi. Ilitakiwa iwekwe chumba cha nyuma, na mageuko yaelezwe kama nadharia mojawapo tu. Mtafiti wa visukuku Richard Leakey alijibu kwa ukali wake wa kawaida. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2008, mvulana alikuwa mahali pake, chini ya ulinzi.

Ni kosa kuyaona haya kama ugomvi wa kanisa na maabara. Kwa sensa ya 2014, Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 39 ya Waganda wote na Waanglikana asilimia 32. Walokole wa makanisa ya kipentekoste walikuwa asilimia 11. Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tete. Kwa hiyo kanisa kubwa kuliko yote nchini halina ugomvi rasmi na somo hili. Lakini muumini wa kawaida wa Kampala, hata akiwa Mkatoliki, husikiliza mahubiri ya redio na ya mtandaoni kutoka kila upande, na tamko la Roma halina sauti kubwa kama spika za jirani.

Jambo la kushangaza ni kwamba hoja hizi zinapofika Afrika Mashariki, zinafika kwenye ardhi ambayo ushahidi wake mwingi ulichimbwa, ukapimwa au ukavuliwa hapa hapa.

Tuchukue malaria. Michael Behe, mwanakemia wa viumbe wa Chuo Kikuu cha Lehigh na mwandishi maarufu kuliko wote wa vuguvugu hilo, alichapisha mwaka 2007 kitabu The Edge of Evolution, na mfano wake mkuu ni kimelea cha malaria. Alichukua makadirio kwamba usugu dhidi ya klorokwini hujitokeza mara moja tu katika vimelea vingi vya idadi ya 1 ikifuatwa na sifuri 20, akahitimisha kwamba huo u karibu na ukomo wa kile ambacho mabadiliko ya bahati yanaweza kufanya. Zaidi ya hapo lazima pawe na msanifu. Wakosoaji, Miller akiwamo, walimjibu kwamba hesabu yake inadhani mabadiliko ya jeni lazima yatokee kwa pamoja, ilhali yanaweza kufuatana, moja likisubiri jingine kwa vizazi. Pia kuna jambo ambalo wahubiri wanaomnukuu Behe hawalitaji sana: yeye mwenyewe anakubali kwamba binadamu na sokwe wana babu mmoja.

Nchini Uganda hesabu hiyo si ya kinadharia. Klorokwini ilishindwa, na mwaka 2004 nchi ikachagua dawa mseto yenye artemisinini, ile ambayo kila mtu anaijua kwa jina la Coartem. Mwaka 2021, Betty Balikagala na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya wagonjwa 240 waliotibiwa Gulu: 14 kati yao walikuwa na vimelea vilivyochelewa kufa, na wengi wao walikuwa na vimelea vilivyobeba mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13. Mabadiliko hayo hayakuja kwa ndege kutoka Asia, ambako usugu huo ulionekana kwanza. Yalizuka Uganda kwenyewe, kwa njia yake, chini ya shinikizo la dawa ile ile.

Malawi ilitoa upande wa pili wa jambo hilo. Iliacha klorokwini mwaka 1993, na miaka kama kumi na mbili baadaye dawa hiyo ilikuwa inafanya kazi tena karibu kwa kila mgonjwa, kwa sababu dawa ilipoondoka vimelea sugu vilizidiwa na ndugu zao wa kawaida. Mwanafunzi anayeelewa uteuzi asilia anaweza kubashiri matokeo hayo kabla hayajatokea. Aliyekariri ufafanuzi kwa ajili ya mtihani hawezi, na huyo wa pili ndiye anayekwenda kuandika dawa Mulago miaka sita baadaye. Hapo ndipo gharama ilipo, wala haina uhusiano na nani anasali wapi.

Hata ushahidi wa kwanza mzuri wa uteuzi asilia kwa binadamu ulitoka pembezoni mwa Kampala. Mwaka 1949 madaktari Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha usambaaji wa chembe za selimundu miongoni mwa makabila ya Uganda. Tofauti zilitisha: kwa Waamba wa bonde la Semliki zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu alibeba jeni hiyo, kwa Wakiga wa milima ya Kigezi ilikuwa nadra mno. Jeni inayoua watoto ingewezaje kuenea hivyo? Anthony Allison, kijana aliyekulia kwenye shamba huko Kenya na kusomea udaktari Oxford, alishuku mbu. Alipima damu ya watoto 290 wa Kiganda kuzunguka Kampala na kuchapisha majibu mwaka 1954. Kati ya 43 waliobeba nakala moja ya jeni, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, karibu asilimia 28. Kati ya 247 wasioibeba, 113 walikuwa navyo, karibu asilimia 46. Nakala mbili huleta ugonjwa; nakala moja hukinga. Palipo na malaria jeni hubaki, palipo na baridi na mbu wachache hufifia.

Wanasayansi wa Kiganda wameikamilisha picha hiyo. Mwaka 2016 Grace Ndeezi wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha uchunguzi wa sampuli karibu laki moja, matone ya damu kavu yaliyokuwa yamechukuliwa kuwapima watoto wachanga VVU. Asilimia 13.3 walibeba jeni. Hali hiyo inajulikana mpaka ikuluni Mengo: mbio za siku ya kuzaliwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 2017 na miaka miwili iliyofuata, zilichangisha fedha za kupambana na selimundu, na maelfu walikimbia. Wakimbiaji waliambiwa wapime kabla ya kuoana, ushauri mzuri kabisa. Swali la kwa nini jeni hii iko Buganda kwa wingi hivyo ndilo linaloachwa kwa wachache wa PCB.

Mtetezi wa usanifu atasema, na Behe amesema, kwamba selimundu ni uharibifu wa kitu kilichokuwapo, si ujenzi wa kitu kipya. Ni hoja halali, na kwa jeni moja hiyo ana haki. Damu peke yake haielezi jicho wala ubongo. Lakini hapo ndipo mwalimu angewapeleka wanafunzi Kitante, kwenye Makumbusho ya Uganda, yaliyohamia jengo lake la sasa mwaka 1954. Karamoja imetoa mifupa ya jamii ya sokwe yenye umri wa miaka milioni 20 na zaidi: Morotopithecus, aliyepewa jina lake la pili kwa heshima ya mwanajiolojia Bill Bishop, na fuvu la Napak lililotangazwa Kampala mwaka 2011 na Martin Pickford na Brigitte Senut. Utafiti wa mwaka 2023 ulioongozwa na Laura MacLatchy unaonyesha Morotopithecus akila majani katika pori lenye nafasi na nyasi, mamilioni ya miaka kabla ya wakati ambao vitabu vilidhani nyasi za aina hiyo zilienea Afrika. Hata hivyo, kitabu cha kiada kinachotegemewa na wengi humfundisha mtoto wa Kampala uteuzi asilia kwa nondo weusi wa Manchester, Uingereza.

Halafu kuna furu, samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje na kuwapika wakavu kwenye mchuzi wa karanga. Ziwa Victoria lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, na kutoka kwa furu wachache waliorudi na maji yamekuja mamia ya spishi. Karibu na Masaka kuna mfano mdogo zaidi na rahisi kuufuata. Ziwa Nabugabo lilikatwa na Victoria kwa tuta la mchanga miaka elfu nne au tano iliyopita. Mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood alipowapanga furu wake mwaka 1965, alikuta spishi tano zisizopatikana Victoria. Sangara aliyepandikizwa humo miaka ya 1960 amewasukuma kwenye vinamasi na vijiziwa vya jirani, na watafiti wa Makerere na wa McGill, Kanada, wamefanya kazi huko kwa miaka mingi, wakichunguza pamoja na mengine jinsi samaki wanaoishi kwenye maji yenye oksijeni haba ya vinamasi wanavyokuwa na matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa maji ya wazi.

Nabugabo ni saa chache tu kwa basi kutoka Kampala. Kanisa la Uganda lina kituo cha mapumziko ufuoni, na vikundi vya vijana huenda huko kwa makambi ya sala na kuogelea. Tuta la mchanga linaonekana kwa macho, na yeyote anayeuliza, wavuvi wa hapo watamwonyesha furu.