Uliza Kilikuwa Nini Zamani

Sauti ile unaijua. Saa mbili asubuhi, ukiwa bado unafagia uwanja, kijana anapita na mkokoteni na mizani yake: "Chuma chakavuuu!" Iwe unakaa Tandale au Mbagala, mtaani kwako hakosi kupita. Unamtolea sufuria iliyotoboka, unapata pesa ya nyanya na vitunguu, nawe unafurahi kwamba takataka imeondoka nyumbani.

Lakini je, umewahi kufikiri takataka hiyo inaweza kurudi?

Kwetu Temeke ilirudi. Mtoto wa dada yangu alikuja kukaa nasi alipokuwa akingoja matokeo ya kidato cha nne. Alikuwa amewaona mafundi wa Gerezani wakiyeyusha metali na kuimimina katika kalibu za mchanga, naye akatamani kujaribu. Akanunua kwa mwenye mkokoteni kilo chache za vipande: vijiko, kikombe kizito cha kijivu cha mitumba, vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu ya gari, na sahani za ndani ya betri kuukuu. Alitaka kutengeneza chubwi za kuwauzia wavuvi, na mapambo madogo ya kujifurahisha.

Jioni nilimkuta ameinamia jiko langu la mkaa, anayeyushia katika sufuria yangu ya uji. Mwanangu mdogo alikuwa amechuchumaa kando yake, anaokota matone yaliyoganda chini, yanang'aa kama shanga.

"Hizi zilikuwa nini zamani?" nikamwuliza.

"Aa, mama mdogo, chuma ni chuma tu. Kikishapita motoni kimetakata."

Moto hausafishi kila kitu

Wengi wetu tunafikiri kama yeye. Kweli moto huua vijidudu, lakini risasi hauiondoi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa lenye upepo hulifikia. Ikichanganyika na metali nyingine hubaki humo humo. Haina harufu ya kukuonya, na kwa macho huitambui.

Chukua kile kikombe cha kijivu. Kilikuwa cha pyuta, yaani metali ambayo sehemu yake kubwa ni bati. Huko Ulaya watu hununua vyombo vikuukuu vya namna hiyo wakaviyeyusha kwa kujifurahisha, kwa kuwa huyeyuka upesi. Pyuta ya siku hizi kwa kawaida haina risasi, bali ile ya zamani mara nyingi ilichanganywa nayo. Ukiviweka viwili mezani, utajuaje kipi ni kipi?

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Vumbi la risasi hushika mikono, nguo na udongo, na mtoto kila kitu hupeleka mdomoni. Mwili wake huifyonza kuliko wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua. Huenda usione dalili yoyote mpaka baadaye, anaposhindwa kushika masomo. Kwa mama mjamzito, hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Wenzetu wa Mombasa walilijua hilo kwa uchungu. Kijijini Owino Uhuru kilianza mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri. Phyllis Omido, mama aliyeajiriwa hapo, aliona mwanawe mdogo akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Aliwaongoza majirani kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Na sufuria zetu je?

Mwaka 2017 ilitolewa taarifa ya watafiti waliopima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania ikiwa mojawapo. Walivichemshia maji yenye ukali kama wa siki. Vyombo 15 vilitoa risasi. Vyombo vya namna hiyo husubiwa kwa mabaki ya kila aina: vipuri vya injini, fremu za madirisha, na chochote kilichoingia kwenye mkokoteni.

Basi tufanye nini?

• Sufuria ya kusubiwa ambayo hujui imetokana na nini, usiipikie vitu vikali kama ukwaju, ndimu au nyanya, wala usilaze chakula ndani yake.

• Chombo kilichoyeyushiwa metali kisirudi jikoni kamwe, hata ukikisugua kwa mchanga.

• Betri isipasuliwe nyumbani. Iuzwe nzima.

• Anayefanya kazi ya kusubu aifanye mahali pa wazi, mbali na nyumba na watoto, amevaa viatu vya kufunika. Kalibu ziwe kavu kabisa, kwa maana unyevu mdogo tu hurusha metali ya moto usoni.

• Akimaliza aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe.

• Ukiwa na wasiwasi, mweleze daktari wazi kwamba mtoto amechezea risasi. Damu ndiyo hupimwa.

Sikumfukuza kijana wangu. Sahani za betri alizirudisha alikozinunua. Sufuria ya uji niliitoboa chini, nisije nikashawishika kuitumia tena. Siku hizi anasubu alumini ya fremu kuukuu kwenye kiwanja cha fundi mmoja, mapambo tu, si vyombo vya chakula. Juzi mwenye mkokoteni alipopita, nilimsikia yeye mwenyewe akiuliza kabla ya kutoa pesa: "Kaka, hiki kilikuwa nini?"

Nawe mama, muulize hivyo hivyo anayekuuzia sufuria. Kama hajui, iache hapo hapo.