Kunyoosha Meno kwa Watoto na Watu Wazima: Maswali Kabla ya Kulipa

Mzazi wa Muleba anapoelezwa kuwa meno ya mwanawe yanahitaji kufungwa nyaya, swali la kwanza huwa ni bei. Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Nyaya haziuzwi kama miwani, ambayo ukiipata unaondoka nayo. Matibabu hudumu kwa kawaida miezi 18 hadi 30, na mgonjwa hurudi kwa daktari kila baada ya wiki 4 hadi 8 ili zirekebishwe.

Mtoto apelekwe lini?

Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto anapofikia takriban miaka 6. Chama cha mabingwa wa fani hii nchini Marekani hushauri uchunguzi wa kwanza ufanyike kabla mtoto hajapita miaka 7. Kuchunguzwa si kufungwa nyaya; wengi huambiwa wasubiri hadi meno mengi ya ukubwani yawe yameota. Mzazi amweleze daktari iwapo mtoto alipokuwa mchanga aling'olewa yale yaitwayo "meno ya plastiki". Hayo si ugonjwa, bali ni vichipukizi vya chonge za utotoni, na kuvichokonoa huweza kuharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake.

Je, mtu mzima amechelewa?

Hajachelewa. Jino husogea katika umri wowote, mradi fizi na mfupa ni vizima. Fizi zinazotoka damu hutibiwa kwanza. Tofauti ni kwamba taya la mtu mzima limekwisha kukua, hivyo kasoro kubwa ya taya lenyewe huweza kuhitaji upasuaji. Kama shida yako ni mwanya tu, na unaupenda, hulazimiki kuuziba. Watu wengi huuhesabu kuwa uzuri.

Gharama halisi ni ipi?

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mabingwa wa kupanga meno ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam. Anayeanza matibabu Mwanza au Dar es Salaam ahesabu nauli ya meli au basi, malazi, na siku za shule au kazi zitakazopotea, kisha azidishe kwa idadi ya safari. Kwa matibabu ya miaka miwili, safari hizo zaweza kufika 20. Nyaya zilizoachwa mdomoni bila kuangaliwa huendelea kusukuma meno, pengine pasipotakiwa, huku uchafu ukijikusanya na meno kuoza. Afadhali kutoanza kuliko kuanza na kukatisha njiani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba mpango wa matibabu kwa maandishi: jumla ya gharama, idadi ya mahudhurio, bei ya kurekebisha kifaa kikivunjika, bei ya kishikizi kitakachovaliwa baada ya nyaya kutolewa, na utaratibu iwapo daktari atahama. Kishikizi kisisahauliwe, bila hicho meno hurudi yalikotoka. Mwenye bima aulize mfuko wake kwa maandishi kama huduma hiyo inalipiwa.

Wakati wa matibabu, kahawa ya kutafuna, miwa na mahindi ya kuchoma viwekwe kando, kwa kuwa hung'oa vifaa vilivyobandikwa kwenye meno. Ndizi za kupika na samaki havina shida.

Njia za mkato

Usinunue nyaya za urembo zinazotangazwa mitandaoni, wala usimkabidhi meno yako mtengeneza kucha. Hatari zaidi ni kujifunga mpira mdogo kwenye meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya. Mpira huo hupanda taratibu chini ya fizi, hula mfupa bila kuonekana, na meno mazima huweza kudondoka.

Mtoa huduma anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muombe akuonyeshe leseni yake. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa kwenye Baraza hilo. Tangazo la udanganyifu hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Hifadhi stakabadhi, mpango wa matibabu na picha za meno zilizopigwa kabla ya kuanza. Lalamiko lisilo na vielelezo hivyo huwa gumu kuchunguzwa.