Nyakati za Vitenzi na Vielezi katika Kiingereza (Sehemu ya Pili): Hali Timilifu

Baada ya wakati uliopo kushughulikiwa katika sehemu ya kwanza, sehemu hii inaangazia hali timilifu, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba tendo limekwisha ilhali matokeo yake yangalipo, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wengi wa Kitale na Bungoma, nchini Kenya, hujikwaa.

Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 kuhusu elimu ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza kishike nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Katika vijiji vingi vya Bungoma lugha hiyo ni Lubukusu. Mjini Kitale, wanakochangamana Wabukusu, Wasabaoti, Waturkana na wengineo, ni Kiswahili. Lubukusu hugawa wakati uliopita katika ngazi kadhaa, ikitenga lililotendeka punde na lililotendeka zamani ndani ya kitenzi chenyewe, na kwa hiyo mtoto wa Bungoma hana upungufu wa nyakati kichwani, wala mwalimu anayemwona mzito wa kuelewa hamtendei haki.

Kikwazo hasa ni kiambishi -me- cha Kiswahili. Mwanafunzi hufundishwa kukilinganisha na "have" au "has", na katika "Mwalimu amefika" ulinganisho huo hufaa. Hata hivyo, katika mazungumzo watu husema pia "Mwalimu amefika jana", na anayeihamisha sentensi hiyo kama ilivyo huandika "The teacher has arrived yesterday", ambayo mtahini huikata, maana Kiingereza hakikubali hali timilifu iandamane na kielezi cha wakati uliokwisha kabisa, kama vile jana au juzi.

Kielezi, yaani neno linalofafanua tendo lilifanyika lini, wapi au vipi, ndicho kinachoamua umbo la kitenzi hapa, na ni kosa kuvifundisha viwili hivi kana kwamba havijuani. Dawa iliyo karibu ni kukanusha. Msemaji yule yule wa "amefika jana" hasemi "hajafika jana", bali "hakufika jana". Basi kila ukanushi unapodai -ku-, Kiingereza hudai wakati uliopita wa kawaida, "arrived", na unapodai -ja-, hali timilifu hukubalika.

Jaribio hilo haliviokoi vitenzi vya hali, kama kulala, kuketi, kusimama na kuvaa, ambavyo kwavyo -me- hueleza hali iliyopo sasa. "Mtoto amelala" kwa kawaida ni mtoto aliye usingizini, na Kiingereza chake ni "The child is sleeping". Akiandikiwa "has slept", msomaji atamdhania amekwisha kuamka na pengine anadai chai. Hapa kielezi "bado" hutenganisha makundi mawili: "bado amelala" na "bado amevaa koti" ni Kiswahili safi, lakini hakuna asemaye "bado amefika". Kitenzi chenye -me- kinachokubali "bado" kwa namna hiyo kisitafsiriwe kwa "has", bali kwa umbo la wakati uliopo pamoja na "still", kama katika "He is still wearing a coat".

Vielezi vya namna vitajadiliwa katika sehemu ya tatu.