Unapeleka gari la kulala Turkana? Soma hii kabla ya kuchomeka stima

Umepanga safari ya Turkana na gari la kulala ndani? Poa sana. Lakini ukifika kambini, usikimbilie soketi. Huku stima haitoki chanzo kimoja: kuna jenereta, kuna sola, na Kalobeyei karibu na Kakuma kuna gridi ndogo ya sola. Ukipanda hadi Kaaleng, uliza kwanza: stima inatoka wapi, na inabeba mzigo kiasi gani?

Hatari yenyewe iko chini ya miguu yako. Ardhi kavu haipitishi stima vizuri, kwa hivyo waya wa ethi uliozikwa mchangani unaweza kuwa pambo tu. Stima ikivuja, bodi ya gari inakungoja wewe ushike mlango. Mwambie fundi akufungie breka ya kuvuja, ile ya miliampea 30. Hiyo hukata stima kabla haijakumaliza.

Mpangilio ni huu: zima soketi ya kambi. Kunjua waya wote, maana ukiviringwa hupata moto na kuyeyuka. Chomeka upande wa gari, kisha soketi, ndio uwashe. Bonyeza kitufe cha kujaribu breka; isipokata, usitumie. Ukiondoka, zima, chomoa soketi, gari mwisho.

Piga hesabu pia. Plagi ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,500 kwa pamoja? Umezidisha.

Soketi imelegea au imeungua? Achana nayo. Kulala bila chaji hakujaua mtu.