Je, Wajua? Sileji ya mahindi haihitaji molasesi
Mkoa wa Songwe hulima mahindi kwa wingi, na mahindi yaliyokatwa mabichi, punje zikiwa bado laini, yana sukari ya kutosha kuchachuka yenyewe na kuwa sileji, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa kuchachushwa. Molasesi inahitajika zaidi kwenye mabingobingo, yenye sukari kidogo: kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani. Bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi inayozuia uozo. Wapo watakaosema molasesi ni gharama. Ni kweli, lakini shimo zima la malisho yaliyooza, kiangazi kikiwa kimeshika, ni hasara kubwa zaidi. Hata hivyo, hakuna kiongezi kinachofidia hewa iliyobaki ndani. Mfugaji wa Mbozi au Tunduma, katakata vipande vifupi, shindilia, kisha funika kabisa.