Unamkumbuka Luke wa Jessie? Hii ndiyo stori ya ugonjwa uliomtoa Cameron Boyce duniani akiwa na miaka 20

Kama ulikulia kwa nyumba iliyokuwa na dishi, ama ulikuwa na beshte mwenye dishi na kila jioni unazuka kwao ukijifanya mnasoma pamoja, basi Luke Ross unamjua. Yule chali wa madoadoa usoni, mtundu, anayejua kudensi kuliko wote, na bado halali bila mdoli wake wa koala anayeitwa Kenny.

Jessie ilianza kwa Disney Channel Septemba 2011 ikaisha Oktoba 2015. Dem wa Texas anahamia New York, anajipata amekuwa yaya wa watoto wanne wa familia ya masonko. Watatu kati yao walikuwa wa kuasiliwa: Luke alitoka Detroit, Ravi akatoka India, na Zuri akatoka Uganda. Hilo jina la mwisho sisi huku hatukuhitaji kuelezewa.

Aliyeigiza Luke ni Cameron Boyce, mzaliwa wa Los Angeles, 28 Mei 1999. Kabla ya Jessie alikuwa ameshaonekana kwa filamu ya Grown Ups ya 2010 kama mtoto wa Adam Sandler. Baadaye akaingia Descendants akiwa Carlos, mtoto wa Cruella de Vil, na hapo ndio mapicha yake yalijaa kwa madaftari ya madem wa shule.

Halafu ikafika 6 Julai 2019. Cameron akafa usingizini. Miaka 20 tu. Descendants 3 ilitoka mwezi uliofuata, yeye hayuko.

Ni nini kilimuua?

Familia ilisema alipatwa na kifafa akiwa amelala, na kwamba ni ugonjwa aliokuwa anatibiwa. Mwisho wa mwezi huo wachunguzi wa vifo wa Los Angeles wakathibitisha. Hapo ndio mafans wengi walijua Luke wao alikuwa anaishi na kifafa. Miaka yote tulimwona akiruka na kudensi, hakuna aliyeshuku.

Kifafa ni hivi. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo unaopita kutoka seli moja hadi nyingine. Kuna wakati huo umeme unachachamaa, seli nyingi zinawaka kwa pamoja, na mwili unapoteza kontroli. Wengine wanaanguka na kutetemeka. Wengine wanakodoa tu macho kwa sekunde kadhaa, unadhani anakudharau.

Wengi hawafi kwa sababu ya kifafa. Lakini kuna kitu madaktari wanaita SUDEP, yaani kifo cha ghafla cha mtu mwenye kifafa, bila ajali wala sababu nyingine. Kwa watu wazima wenye kifafa, kinampata kama mmoja kati ya 1,000 kila mwaka. Mara nyingi ni usiku, na mara nyingi mtu yuko peke yake. Inaaminika kwamba baada ya mshtuko mkali kupumua kunasimama ama moyo unapoteza mdundo, na hakuna mtu karibu wa kumgeuza ama kumwamsha. Hatari inapanda kama mishtuko ni mingi, ama mtu anarukaruka dawa.

Sasa hii inatuhusu aje?

Inatuhusu sana. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko kabisa kama wangepata matibabu yanayofaa.

Lakini huku kwetu ukianguka, kwanza watu wanatoroka. Darasa la saba nilikuwa na deski-meti aliyeanguka katikati ya somo. Nusu ya darasa ilikimbia nje, ati ukiguswa na mate yake umeshikwa. Mwingine akaleta kijiko amtie mdomoni. Wiki iliyofuata hakurudi, na hakuna mtu aliuliza. Tulisema ni mapepo, tukaendelea na maisha. Jioni tukarudi kucheki Luke kwa TV, tukimshangilia, na kumbe ni ugonjwa uleule.

Kwa hivyo shika hii. Kifafa hakiambukizwi, si kwa mate, si kwa kugusana. Si laana, na hakuna mtu amerogwa. Mtu akianguka, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, muwekee kitu laini chini ya kichwa, na umlaze kwa ubavu. Usimshikilie kwa nguvu. Usimtie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko, kidole ama maji. Cheki saa. Ikipita dakika 5, ama akishikwa tena kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali. Na usitoke hapo hadi azinduke, kwa sababu kitu cha kwanza ataangalia ni nani amebaki.

Kama ni wewe uko nayo, meza dawa zako kila siku, hata zile wiki unajiskia fiti. Usiziache bila kuongea na daktari. Na mwambie angalau mtu mmoja mnayeishi naye kwa keja.

Familia ya Cameron ilianzisha Cameron Boyce Foundation, na siku hizi inasukuma utafiti wa kifafa na kuelimisha watu kuhusu SUDEP. Wameamua jina lake lisibaki tu kwa marudio ya Jessie.

Deski-meti wangu naye sijui aliishia wapi. Kama una wako, leo mtafute umsalimie.