Je, Wajua? Sindano, Damu na Chanjo kutoka Kasulu hadi Kibondo

Je, wajua kwamba kwa zaidi ya nusu karne, mgonjwa ambaye malale ilimfika ubongoni alitibiwa kwa dawa yenye arseniki? Mapori ya miombo ya Kibondo na Kasulu ni makazi ya ndorobo, nzi waenezao malale, tangu zamani, na malale ya upande huu wa Afrika ni ile ya mbio: isipotibiwa huua ndani ya miezi michache. Warina asali, wawindaji na wakata mbao ndio walio hatarini zaidi. Ugonjwa ukiwa bado kwenye damu ulitibiwa kwa suramini, dawa iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1916. Ilichomwa kwenye mshipa, na nesi alipima mkojo wa mgonjwa mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo huweza kuumiza figo. Suramini haipenyi hadi ubongoni, kwa hiyo mgonjwa alitolewa kwanza maji ya uti wa mgongo yakapimwe. Vimelea vikikutwa humo, ndipo ilipoingia melasoproli ya mwaka 1949. Kimiminika chake kiliunguza mishipa na kuharibu plastiki, hata wauguzi wakalazimika kutumia mabomba ya kioo. Wagonjwa karibu 5 kati ya kila 100 waliuawa na dawa yenyewe. Nawaheshimu sana wauguzi walioshika bomba lile huku wakiijua hesabu hiyo.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: feksinidazoli, vidonge vya kumeza kwa siku 10, kwa wenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 20. Humezwa baada ya chakula. Tumbo likiwa tupu, dawa haiingii mwilini kwa kiwango kinachotosha.

Je, wajua kwamba Robert Koch, yule daktari Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikaa visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907 akitibu malale kwa atoksili? Nayo ilikuwa ya arseniki. Baadhi ya wagonjwa wake walipofuka.

Je, wajua kwamba mawese huisaidia dawa mseto? Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiongoza: kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 24 walikuwa na vimelea. Dawa yao ya kwanza ni mseto wa ALu, na sehemu yake moja, lumefantrini, hupenya mwilini vizuri pale tu inapokutana na mafuta tumboni. Mafuta kidogo yanatosha: maharage yaliyoungwa kwa mawese, karanga au kikombe cha maziwa. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, hata kama ni usiku wa manane. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi hurudiwa.

Malaria kali ina habari ndefu zaidi. Kwa vizazi vingi kwinini ilitawala wodi zetu. Ilikuwa na tabia ya kushusha sukari ya damu, na mtoto aliyeletwa akiwa amezimia kwa malaria aliweza kuzimia tena kwa kukosa sukari. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio la AQUAMAT, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa hospitali za Muheza na Korogwe. Waliochomwa kwinini walikufa 10.9 kati ya kila 100. Waliochomwa atesunati, 8.5. Ubishi ukaishia hapo.

Je, wajua kwamba atesunati ikishachanganywa ina saa moja tu ya kutumika? Na kwamba mtoto hupewa nyingi kuliko baba yake kwa kila kilo ya uzito? Aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, mkubwa miligramu 2.4. Huchomwa mgonjwa anapopokewa, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Hata akiamka na kuomba uji baada ya sindano ya kwanza, zote 3 lazima ziishe, halafu afuatishe dozi kamili ya mseto.

Hili linalofuata kila mzazi anapaswa kulisikia kabla ya kuruhusiwa. Atesunati ikiua kimelea ndani ya chembe nyekundu, bandama huuchomoa mzoga huo na kuiachia chembe irudi kwenye mzunguko. Chembe hizo hazidumu. Wiki moja hadi nne baadaye huweza kuvunjika nyingi kwa pamoja, na mtoto aliyepona malaria akarudi amepauka, macho manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ndiyo maana nesi anasema mrudishe tupime damu. Safari kutoka kijijini hadi Kibondo mjini ni gharama, najua, lakini kipimo hicho ni sehemu ya tiba.

Je, wajua kwamba vitamini inaweza kuidhoofisha dawa ya malaria? Mama mjamzito humeza vidonge 3 vya SP kwa mkupuo, mbele ya nesi, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita na kuendelea kila mwezi. SP humnyima kimelea foliki asidi. Mama akimeza wakati huohuo kidonge cha foliki asidi cha miligramu 5, anakilisha kimelea kile ambacho SP imekinyima. FEFO, kidonge cha madini ya chuma cha kliniki, ina foliki asidi ya miligramu 0.4 tu, na hiyo haina ugomvi na SP. Mama anayetumia kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya VVU hapewi SP kabisa, maana dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja na madhara yake hujumlishana.

FEFO yenyewe haipatani na chai. Kinyesi kikigeuka cheusi, mama asiogope. Ni madini ya chuma. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, aimeze saa 2 kabla ya FEFO au saa 6 baada yake, ama ameze zote pamoja na chakula, la sivyo madini hayo huifunga dawa tumboni isifike kwenye damu.

Je, wajua kwamba dawa inayookoa wazazi wanaovuja damu ilibuniwa na mwanamke? Utako Okamoto wa Japani, pamoja na mumewe Shosuke, waliitangaza asidi ya traneksamiki mwaka 1962. Ilisubiri hadi 2017 ndipo jaribio kubwa la wanawake 20,060 katika nchi 21 lilipothibitisha kazi yake baada ya kujifungua. Gramu 1 huingizwa polepole kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Zikipita saa 3, faida imetoweka. Katika wilaya zenye vijiji vilivyo mbali na hospitali, saa hizo 3 ni hoja tosha ya kujifungulia kituoni.

Na damu ya kuongezewa nayo ina saa zake: ikitoka kwenye friji ianze kuingia ndani ya dakika 30, imalizike ndani ya saa 4.

Tanzania huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Je, wajua kwamba kidonge cha penisilini asubuhi na jioni, tangu uchangani hadi miaka 5, huwalinda na bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo? Bandama yao huharibika mapema, na mlinzi huyo akiondoka bakteria hupita bila kizuizi. Dawa ya pili ni haidroksiyurea, ambayo huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama. Jaribio lililofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, likatangazwa mwaka 2019, lilionyesha kuwa hupunguza maumivu, kuongezewa damu, hata malaria. Anayemgawia mtoto kapsuli hizo avae glovu, na asizifungue.

Je, wajua kwamba sombe inashindana na wafarini? Dawa hiyo ya kuzuia damu isigande hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K, na majani ya mhogo, kama mchicha, yamejaa vitamini hiyo. Mgonjwa haachi sombe. Anachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili kipimo cha damu na dozi viendane.

Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, haichanganywi na dripu ya Ringa. Kalisi iliyomo kwenye dripu huungana na dawa ikawa chembechembe, na vichanga wamekufa kwa ajili hiyo. Na ile iliyoyeyushwa kwa lidokeini ni ya msuli tu. Haiingizwi kwenye mshipa kamwe.

Je, wajua kwamba dunia ilijifunza kutibu kifua kikuu kutoka Tanzania? Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977 kwa ushirikiano na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipokuwa mfungwa wa Wanazi huko Mauthausen. Mgonjwa kumeza dawa mbele ya shahidi, rejesta moja kila wilaya, dawa zisizokatika: Shirika la Afya Duniani lilichukua mfumo huo katika miaka ya 1990 na kuueneza duniani kote. Nashangaa kwa nini jambo hili halifundishwi shuleni. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hufanya mkojo na machozi kuwa rangi ya chungwa, na hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Mwanamke aliyeanza dozi aambiwe siku hiyohiyo.

Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walirundikana Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Meli kongwe ya MV Liemba iliwasafirisha hadi Kigoma, wengi wakapelekwa Nyarugusu wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka huohuo wakaazi wa kambi walipewa chanjo ya kumeza. Je, wajua kwamba katika kipindupindu antibayotiki ni msaidizi tu? Doksisaiklini hufupisha siku za kuharisha. Maji ndiyo yanayookoa. Mgonjwa wa kilo 50 aliyekauka vibaya hupewa lita 5 za Ringa ndani ya saa 3, na lita 1 na nusu kati ya hizo katika nusu saa ya kwanza.

Je, wajua kwamba chanjo hufa kwa baridi pia? Penta, HPV na chanjo ya pepopunda zikiganda barafu huharibika moja kwa moja, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima. Nesi anayebeba kisanduku cha chanjo kwa pikipiki huziacha kwanza barafu zake zilainike hadi asikie maji yakicheza ndani. BCG na ya surua hazidhuriki kwa kuganda, ila zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Chupa moja ya BCG hutosha watoto 20, na hiyo ndiyo sababu zahanati nyingi hupanga siku maalumu ya kuifungua.

Septemba 2023, baada ya mtoto mmoja kukutwa na polio mkoani Rukwa, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa 6 iliyofanya kampeni ya matone, nyumba kwa nyumba.

Kinga ya mtoto haiishii kwenye chanjo. Asali ya Kibondo ni tamu na ina sifa yake, lakini asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Huweza kubeba mbegu za bakteria wanaolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua.

Je, wajua kwamba vitamini A ni dawa ya surua? Jaribio lililofanyika hospitali ya Mvumi, Dodoma, likachapishwa mwaka 1987, lilifuata watoto 180 waliolazwa kwa surua: wasiopewa walikufa 12 kati ya 92, waliopewa 6 kati ya 88. Leo kila mtoto mwenye surua hupewa dozi siku mbili mfululizo.

Bora asiugue. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 huwakinga watoto 85 hivi kati ya kila 100. Hao 15 wanaobaki husubiri dozi ya pili ya miezi 18, umri ambao wazazi wengi wamekwisha kusahau njia ya kliniki. Fungua kadi ya mwanao leo. Kama kisanduku cha dozi hiyo ya pili ni kitupu, mpeleke zahanati hata kama umechelewa; atachanjwa, na hulipi kitu.